Alama za kamshafti zimepishana nusu jino baada ya kuskimu hedi: niseti vipi taimingi?

NatiKumi:
Wakuu, habari za kazi. Nafunga injini ya petroli ya lita 1.6, silinda 4, valvu 16, kamshafti (shafti zinazofungua valvu) mbili juu, inatumia mkanda wa taimingi. Boa (kipenyo cha silinda) 81 mm, stroki (mwendo wa pistoni) 77 mm. Gia ya krenki ina meno 24, gia za kamshafti meno 48 kila moja, na kutoka jino hadi jino la mkanda ni 9.525 mm. Hedi imeskimiwa (imechongwa uso ili unyooke) 0.3 mm na bloku 0.1 mm, gasketi ni ya unene wa kawaida. Valvu zinarekebishwa kwa shimu (vibati vya unene tofauti), hakuna tapeti za oili. Inatumia distributa, haina VVT (mfumo wa kubadilisha taimingi ya valvu injini ikiwa inafanya kazi).

Nikiweka alama ya puli ya krenki kwenye sifuri ya kava la chini, alama za kamshafti zote mbili zinakuwa hazijafika kwenye mstari wake, zimebaki nyuma karibu nusu jino. Nikiurusha mkanda jino moja, zinapitiliza nusu jino upande wa pili. Mkanda mpya, tensiona (kikaza mkanda) mpya, na nikizungusha krenki mizunguko miwili inarudi palepale.

Je, ni ile 0.4 mm iliyotolewa ndiyo inaleta hivi? Na je, ninunue gia za kamshafti zinazorekebishika, au nichague upande mmoja nifunge?

Mizani_ya_Injini:
Usifunge bado. Na usiisingizie skimu.

Piga hesabu mwenyewe. Kamshafti ina meno mara mbili ya krenki, kwa hiyo jino moja kwenye gia ya kamshafti ni digrii 7.5 za kamshafti, sawa na digrii 15 za krenki. Ukitoa 0.4 mm kati ya krenki na kamshafti, ule upande wa mkanda unaovutwa (usio na tensiona) unapata urefu wa ziada wa takriban 0.4 mm, na tensiona inaumeza upande wa pili. Kamshafti inachelewa. Inachelewa kiasi gani? 0.4 gawanya kwa 9.525, zidisha kwa 15: digrii 0.6 za krenki. Wewe unaona nusu jino, yaani karibu digrii 7.5. Ni zaidi ya mara kumi ya hiyo. Ungehitaji kuskimu karibu 5 mm ili ufike hapo, na hedi isingebaki.

Kitu kingine: kamshafti zote mbili zimebaki nyuma kwa kiasi kilekile. Kama gia moja ya kamshafti ingekuwa imekaa vibaya, ungeona kasoro kwenye moja tu. Zikikosea zote kwa pamoja, mtuhumiwa wa kwanza ni krenki: alama unayoiamini ya pistoni ya kwanza kuwa juu kabisa (TDC) si ya kweli.

Angalia haya kabla hujagusa pochi:

- Puli ya nje ya krenki. Ina sehemu mbili, kitovu na ringi, katikati kuna mpira. Mpira ukizeeka au ukilowa oili, ringi inateleza juu ya kitovu na alama inakwenda nayo. Puli inaonekana nzima kabisa, lakini alama inadanganya.
- Alama ya gia ya mkanda yenyewe, iliyo nyuma ya puli. Hiyo imefungwa na kii (kipande cha chuma kinachozuia gia isiteleze) kwenye krenki na inalingana na alama iliyochongwa kwenye nyumba ya pampu ya oili. Wengi wanafunga mkanda kwa alama ya puli ya nje kwa sababu inaonekana kirahisi. Ya kufungia mkanda ni ya gia.
- Kii ya krenki na njia yake. Kama bolti ya puli iliwahi kulegea, kii inakatika kidogo na gia inacheza digrii kadhaa. Itoe uitazame kwa macho.
- Rola ya upande unaovutwa, kama injini yako inayo. Rola yenye kipenyo tofauti na ya asili inabadilisha urefu wa njia ya mkanda, na hapo kamshafti zote zinahama pamoja.
- Gia za kamshafti zenye matundu ya pini zaidi ya moja. Gia moja hutumika kwenye matoleo tofauti ya injini, kila toleo na tundu lake. Kwako sidhani, ila itazame.

BisibisiBapa:
Mkuu usijisumbue sana, weka upande wa kuwahi. Injini ikiwahi kidogo inakuwa na nguvu chini, gari linachomoka vizuri. Nusu jino halivunji kitu.

GejiNaShimu:
@BisibisiBapa hapana. Kwamba kuwahisha kamshafti kunaongeza msukumo mizunguko ya chini ni kweli: valvu ya hewa inafunga mapema, silinda inabana hewa zaidi injini ikiwa inazunguka taratibu. Lakini hiyo ni habari ya digrii 2 hadi 4 za krenki, si 7.5 za kubahatisha. Tena ukiwahisha, valvu ya hewa inafunguka mapema na inakuwa imeshuka zaidi pistoni ikiwa bado karibu na TDC, na hapo ndipo nafasi kati yao inapokuwa finyu. Kwenye injini iliyopunguzwa 0.4 mm nafasi hiyo tayari imeliwa. Nusu jino linaweza kuvunja kitu.

NatiKumi, kazi yako ina hatua mbili, na haziendi pamoja. Kwanza tafuta TDC ya kweli bila kutegemea alama yoyote. Pili pima kamshafti ziko wapi kwa kulinganisha na hiyo TDC.

TDC ya kweli. Bisibisi kwenye tundu la plagi haifai, hata daili geji (geji ya sindano) peke yake pale juu haifai. Kwa stroki ya 77 mm, krenki ikitoka TDC digrii 2 pistoni inashuka kama 0.03 mm tu. Hata digrii 7 ni chini ya 0.4 mm. Pale juu pistoni inakaribia kusimama wakati krenki inaendelea kuzunguka, kwa hiyo jicho na kidole vinapotea.

Tumia kizuizi. Chukua plagi ya zamani yenye nyuzi sawa na zako, toa kauri, chomelea bolti yenye ncha ya mviringo ndani yake iingie milimita kadhaa kwenye silinda. Funga diski ya digrii kwenye pua ya krenki na mshale wa waya mgumu kwenye bloku. Weka diski kwenye sifuri pale alama ya puli yako inaposema ni TDC, kisha:

1. Hakikisha silinda ya 1 iko kwenye mkandamizo, valvu zake zote zimefungwa, nundu za kamshafti zimetazama nje.
2. Rudisha krenki kama digrii 90 kabla ya TDC, funga kizuizi hadi kikae, zungusha kwa mkono taratibu mpaka pistoni iguse. Soma diski.
3. Legeza kizuizi ukitoe, pitisha TDC hadi kama digrii 90 upande wa pili, kifunge tena kikae kwa kina kilekile, rudi nyuma taratibu mpaka pistoni iguse. Soma diski.
4. Jumlisha namba mbili, gawanya kwa mbili. Hiyo ndiyo inayopaswa kusomeka pande zote. Sogeza diski (si krenki) mpaka isomeke hivyo.

Kwa nini nasema ukitoe kizuizi badala ya kuzungusha krenki moja kwa moja hadi upande wa pili? Kwa sababu kamshafti zako zimeshafungwa. Ukizunguka duara zima unafika kwenye ile TDC ambayo valvu ya hewa inafunguka, nayo inaweza kuigonga bolti ya kizuizi. Kama kamshafti zingekuwa nje, valvu zote zimefungwa, ungezunguka bila wasiwasi.

Na iwe kwa mkono na spana tu, plagi zote nje. Ukitumia nguvu utatoboa kichwa cha pistoni.

Kamshafti iko wapi. Hapa usitafute pale nundu inapofika juu kabisa, kwa sababu kilele ni bapa na sindano ya geji itasimama kwa digrii kadhaa bila kusogea. Weka ncha ya daili geji juu ya tapeti, sambamba na shina la valvu. Ikilala upande itasoma vibaya. Tafuta mwinuko wa juu kabisa, weka geji sifuri. Kisha rudisha krenki nyuma kupita, uje tena kwa mwelekeo wa kawaida wa injini mpaka geji ionyeshe imebaki 1.00 mm kufika kilele. Soma diski. Endelea mbele, pita kilele, simama ikishuka 1.00 mm. Soma tena. Wastani wa namba hizo mbili ndio kitovu cha nundu.

Vipimo vyote vichukuliwe ukiwa unazungusha mbele. Ukisoma kimoja mbele na kingine nyuma, ulegevu wa mkanda unaingia kwenye hesabu.

Cha kulinganisha nacho unakipata kwenye namba za kitabu cha injini. Mfano kitabu kikisema valvu ya hewa inafunguka digrii 10 kabla ya TDC na kufunga digrii 50 baada ya pistoni kufika chini kabisa: 10 + 180 + 50 = 240. Nusu yake 120, toa 10, kitovu ni digrii 110 baada ya TDC. Ya moshi ikifunguka 50 kabla ya chini na kufunga 10 baada ya TDC, kitovu ni 110 kabla ya TDC. Hesabu hii inakubali kwenye nundu zenye pande mbili zinazofanana. Nundu zisizofanana pande zake, fuata mwinuko ambao mtengenezaji ameutaja kwa digrii fulani.

Shimu zipime kwanza. Kitovu hakibadiliki kwa shimu, lakini muda wa kufunguka na kufunga unabadilika. Siti za valvu zikisagwa, shina linapanda na nafasi ya shimu inapungua, kwa hiyo injini iliyofunguliwa hedi ikabaki na shimu za zamani huwa imebana.

NatiKumi:
Asante sana wakuu. Kitabu changu kina namba hizohizo, 10/50 na 50/10. Nimepima:

Kizuizi: diski ikiwa sifuri kwenye alama ya puli ya nje, pistoni imegusa 23 kabla na 37 baada.

Nikasogeza diski isome 30 na 30. Alama ya gia ya krenki inakaa sawa kabisa na alama ya pampu ya oili kwenye TDC hiyo mpya. Nikafunga mkanda kwa alama ya gia, kamshafti zote zikakaa kwenye mistari yake, kwa jicho sioni tofauti.

Kamshafti ya hewa, 1.00 mm chini ya kilele: 83 na 138 baada ya TDC.
Kamshafti ya moshi: 137 na 82 kabla ya TDC.

Mizani_ya_Injini:
Umeshapata jibu. 23 na 37 jumla 60, nusu 30, kwa hiyo alama ya puli ya nje inafika digrii 7 kabla ya TDC ya kweli. Ringi imeteleza. Digrii 7 za krenki ni 3.5 za kamshafti, na ndiyo ile nusu jino uliyokuwa unaiona.

Kitovu cha hewa: (83 + 138) / 2 = 110.5. Kitovu cha moshi: (137 + 82) / 2 = 109.5. Zote zimechelewa nusu digrii. Angalia hapo kwa makini, wengi wanakosea: kamshafti ya moshi ikichelewa namba yake inapungua, kwa sababu inapimwa kabla ya TDC. Wanaona 109.5 wanadhani imewahi. Nusu digrii ndiyo hesabu ya 0.4 mm iliyotolewa, ukiongeza na kosa dogo la kusoma diski.

Gia za kurekebishika huhitaji. Iache hivyo. Ukija kuzitumia siku nyingine, hakikisha kwanza kama alama zilizochongwa kwenye gia ni digrii za kamshafti au za krenki: zikiwa za kamshafti, ukisogeza 1 umesogeza 2 za krenki.

Puli itupe, usiirekebishe kwa kupiga alama mpya ya rangi. Ringi iliyoteleza mara moja itateleza tena. Halafu taimingi ya moto: ukiweka taa ya taimingi kwenye alama ile, ikionyesha digrii 10 kabla ya TDC, kwa kweli moto unapiga 17. Injini itagonga ikibeba mzigo, na wengi huilaumu petroli.

GejiNaShimu:
Bado hujamaliza. Skimu ya 0.4 mm haikuharibu taimingi, lakini imebadilisha vitu viwili vingine.

Cha kwanza mkandamizo. Boa ya 81 mm kwa 0.4 mm ni sentimita za ujazo 2.06. Kama uwiano wa asili ulikuwa 9.5 kwa 1, sasa uko karibu 9.9. Petroli ya kawaida inaweza kuvumilia au isivumilie, inategemea injini. Kuna gasketi za kurekebisha hedi zilizoskimiwa, zinakuja na unene wa ziada wa 0.2 au 0.3 mm. Mimi ningeitafuta hiyo kabla ya kufunga.

Cha pili nafasi kati ya valvu na pistoni. Pima kwa plastisini: paka pistoni oili kidogo, bandika plastisini kwenye mifuko ya valvu, weka gasketi iliyokwishabanwa (ya zamani yenye unene uleule), kaza hedi, funga mkanda kwa taimingi sahihi, zungusha krenki mizunguko miwili kwa mkono. Fungua, kata plastisini kwa wembe, pima pembamba zaidi. Kwa injini ya barabarani usikubali chini ya 2.0 mm valvu ya hewa na 2.5 mm ya moshi. Ya moshi inapewa zaidi kwa sababu inapata joto na kurefuka, na pistoni inaifukuza ikiwa inafunga. Nafasi finyu haiko kwenye TDC yenyewe. Iko digrii 10 hadi 15 hivi kabla yake kwa ya moshi, na baada yake kwa ya hewa.

Ukiwa unazungusha ikakataa, simama. Usiongeze spana ndefu.

KavaLaJuu:
Swali la pembeni wakuu. Nikifunga kamshafti krenki ikiwa imekosea mzunguko mmoja mzima, si itakuwa imekosea digrii 180?

Mizani_ya_Injini:
Kati ya krenki na kamshafti hakuna kukosea huko. Krenki inazunguka mara mbili kwa kamshafti moja, kwa hiyo pistoni ya 1 ikiwa juu, iko juu. Kamshafti ndiyo inayoamua kama ni mkandamizo au moshi. Pa kukosea ni distributa: ukiipachika rota ikitazama silinda ya 1 wakati silinda ya 4 ndiyo iko kwenye mkandamizo, injini itapiga mafua (moto utalipuka kurudi nyuma) kwenye kabureta au kwenye manifoldi na haitawaka. Unachomoa distributa, unaigeuza nusu duara, basi. Mkanda usiuguse.

KavaLaJuu:
Na kwenye cheni au VVT utaratibu ni huohuo?

GejiNaShimu:
Kupima ni kulekule. Tofauti ziko kwenye kufunga.

Cheni yenye viungo vya rangi: rangi ni za kufungia tu. Ukizungusha mizunguko miwili alama za gia zinarudi, viungo vya rangi havirudi, na havitarudi mpaka mizunguko mingi. Usifungue tena ukidhani umekosea. Tensiona ya oili isiachiwe pini kabla cheni haijakaa upande unaovutwa, na ukishaiachia usizungushe injini nyuma, cheni inaweza kuruka jino.

VVT: gia ya kamshafti lazima iwe imejifunga kwenye nafasi yake ya kupumzika kabla ya kuweka alama. Kwa kamshafti ya hewa mara nyingi hiyo ni nafasi ya kuchelewa kabisa. Ishike gia ujaribu kuizungusha kwa mkono, ikicheza bado haijajifunga. Ukifunga hivyo utapata kodi ya hitilafu P0016, krenki na kamshafti hazilingani, halafu unabadilisha sensa ambazo hazina kosa.

Kuna pia injini ambazo gia ya kamshafti haina kii wala pini, inashikwa na mkazo wa bolti tu. Baadhi ya Ford na dizeli za Volkswagen ziko hivyo. Hizo kamshafti inafungiwa kwa bapa la chuma kwenye mfereji wake wa nyuma, krenki kwa pini, gia ikiwa imelegezwa. Unaweka mkanda, unaweka tensheni, ndipo unakaza bolti ya gia. Ukikaza gia kwanza umeshapoteza taimingi.

NatiKumi:
Gasketi ya +0.3 mm imepatikana. Nitapima plastisini nayo. Kuna mpangilio wa kupitisha mkanda mara ya mwisho?

Mizani_ya_Injini:
Kama unahitaji kugeuza kamshafti mkanda ukiwa nje, rudisha krenki digrii 60 hadi 90 kutoka TDC pistoni zote ziwe katikati, geuza kamshafti hadi kwenye alama, kisha rudisha krenki TDC kwa njia fupi. Usizungushe duara zima.

Mkanda anza kwenye krenki, panda upande usio na tensiona ukiwa umeuvuta, kamshafti ya kwanza, kisha ya pili, kati yao pawe pamekaza pia, ulegevu wote uishie kwenye tensiona. Ulegevu kati ya kamshafti mbili ndio unaowapoteza wengi: alama zinakaa vizuri kabla ya tensiona, zikishakazwa moja inahama jino. Ukishaachia tensiona, zungusha mizunguko miwili kwa bolti ya krenki, kamwe si kwa bolti ya kamshafti, kwa mwelekeo wa injini, injini ikiwa baridi. Rudi TDC, soma alama ya gia ya krenki na za kamshafti. Kisha legeza na kukaza tensiona upya kama kitabu kinavyosema, kwa sababu mkanda mpya hukaa kwenye meno yake baada ya kuzungushwa.

Na ukiwa umeweka gasketi nene, usirudie hesabu ya 0.4. Imebaki 0.1 mm tu, haitaonekana hata kwenye diski.